Mizizi ya Fuwwa

Mama wa mwanafunzi wetu mmoja alitujia baada ya sala ya alasiri, na kifurushi cha mizizi alicholetewa kutoka Uarabuni. Alitaka kumchemshia bintiye aliyejifungua. "Maalim," alisema, "nimeambiwa hutoa damu chafu, hata mkojo huwa mwekundu. Yafaa?"

Mizizi ile tuliijua: ni fuwwa. Nayo ni jamaa moja na mbuni wa kahawa, ingawa kwa sura hawafanani. Fuwwa hauna nguvu ya kusimama peke yake. Katika vilima vikavu hutambaa na kupanda juu ya vichaka vingine kwa vijimiba vilivyopinda, vinavyonasa hata nguo ya mpita njia. Majani yake hulizunguka shina kwa mafungu, na vitunda vyake vikiiva huwa vyeusi. Lakini thamani yake yote imo ardhini. Mizizi ikitimia kama miaka mitatu huchimbwa, hukaushwa na kusagwa, na kwa shabu huipa nguo wekundu usiochujuka upesi. Wakulima wengi, tangu Uturuki hata Ufaransa na Uholanzi, waliishi kwa mizizi hiyo, mpaka mwaka 1868 Wajerumani wawili, Graebe na Liebermann, walipoifanyiza rangi yake, alizarini, kwa lami ya makaa ya mawe. Hazikupita dahari mashamba yakaachwa.

Basi huo mkojo mwekundu si damu chafu. Ni rangi ile ile ya kutilia nguo, imepita mwilini. Na huweza kupita hata katika maziwa anyonyayo mtoto. Mwaka 1736 tabibu John Belchier wa London alieleza kuwa mifupa ya wanyama waliolishwa fuwwa hugeuka mekundu. Na mna jambo zito kuliko rangi. Mizizi hiyo ina kitu kiitwacho lusidini, chenye kudhuru chembechembe za mwili. Na katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998, panya waliolishwa fuwwa kwa zaidi ya miaka miwili waliota uvimbe katika ini na figo.

Twakiri, wasomaji wetu, kwamba jirani alipata kutuuliza neno hili hili miaka mingi nyuma, nasi tukamjibu upesi, "Ni mti wa mlimani tu, mpe." Hatukuwa na elimu ya jibu lile, na yule aliyeinywa alikuwa akinyonyesha.

Safari hii tulimwambia mama asimpe, bali ampeleke bintiye kwa mkunga wa hospitali. Alinyamaza kitambo, akaifunga mizizi yake. Kisha akauliza kama itashika katika ukindu, maana ana mkeka alioukatiza nusu. Tukamwambia anunue shabu kwanza.