Usaili wa kazi: Muislamu ajibu nini anapoulizwa udhaifu wake?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, wiki hii tunajibu swali ambalo vijana wetu hapa Nemba huliuliza mara kwa mara baada ya swala ya Ijumaa, hasa waliomaliza vyuo na kuanza kuitwa kwenye usaili. Jopo linapomtaka msailiwa ataje udhaifu wake, ajibu nini? Akisema kweli, anachelea kukosa kazi. Akisema hana udhaifu, amesema uongo. Akianza kuhesabu dhambi zake, anaogopa kufichua yale ambayo Mola wake amemsitiri.

Swali hili si dogo. Kijana wa Wilaya ya Biharamulo anayeitwa usaili Dodoma hupita Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida, na mara nyingi nauli yake imetokana na gunia la maharage au mbuzi aliyeuzwa na wazazi. Nyumba nzima hubaki ikimuombea. Mtu aliyebeba matumaini ya watu wengi kiasi hicho hushawishika kusema lolote alimradi apate kazi.

Nafasi nyingi za serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya mwaka 2007. Waombaji wakiwa wengi huchujwa kwanza kwa mtihani wa kuandika, na wanaofaulu huendelea hadi mahojiano ya ana kwa ana. Katika mahojiano hayo, kama ilivyo katika mashirika na kampuni binafsi, ndipo swali la udhaifu linapoweza kuulizwa.

Majibu mawili ya kukariri yameenea. La kwanza ni la anayesema kwamba hana udhaifu wowote. Huyu amejitakasa mwenyewe, jambo ambalo Allah (s.w.) ametukataza katika Sura An-Najm, aya ya 32. La pili ni la anayesema kuwa udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi, hata husahau kula. Huyu ameulizwa upungufu akajibu kwa kujisifu. Wasaili wameyasikia majibu haya mara nyingi, na hayawaelezi lolote kuhusu mtu aliyekaa mbele yao.

Jibu lililo bora tunalo vinywani mwetu siku zote. Watoto wetu wa madrasa huisoma dua ya Nabii Musa (a.s.) kabla ya mtihani, na vijana wetu huisoma mlangoni kabla ya kuingia kwenye usaili. Dua hiyo imo katika Sura Taha, kuanzia aya ya 25. Ajabu ni kwamba mtu huisoma mlangoni, kisha akaingia ndani na kudai kuwa hana udhaifu, ilhali dua yenyewe ni maneno ya mtu anayeutaja udhaifu wake!

Tuitazame kwa makini. Nabii Musa (a.s.) alikuwa amepewa kazi nzito ya kumwendea Firauni. Hakujifanya kuwa amekamilika. Aliomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi yake na afunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake. Kisha akaomba msaidizi, naye ni nduguye Harun (a.s.), ambaye katika Sura Al-Qasas, aya ya 34, alimtaja kuwa ni fasaha kuliko yeye. Alitaja upungufu mahsusi unaogusa kazi aliyopewa, akaeleza kwa nini ungeathiri kazi hiyo, akapendekeza njia ya kuuziba. Wala hakunyang'anywa jukumu kwa kusema hivyo. Allah (s.w.) alimkubalia maombi yake.

Msailiwa na afuate utaratibu huo huo. Tuchukue mfano wa anayeomba kazi ya Mtendaji wa Kijiji, ambaye kweli hupata taabu kusema mbele ya watu wengi. Anaweza kujibu hivi: "Nikisimama mbele ya mkutano mkubwa huwa naharakisha maneno, na mambo mengine nayasahau. Kwa kuwa kazi hii ina mikutano ya kijiji, nimeanza kuandika hoja zangu kwenye karatasi kabla ya kusimama, na kwa miezi hii nimejitolea kusoma matangazo msikitini ili nizoee." Jibu hili ni fupi, ni la kweli, na linamwonesha mtu anayeijua nafsi yake na kuishughulikia. Lakini lazima awe kweli anaandika na anasoma hayo matangazo. Dawa ya kubuni ni uongo kama ulivyo udhaifu wa kubuni.

Je, atakayejibu hivyo ana uhakika wa kupata kazi? Hapana. Huenda akapita aliyedanganya, naye akarudi nyumbani mikono mitupu. Tusiwaahidi vijana wetu kwamba ukweli hulipwa hapo hapo na jopo. Tuwaambie kwamba rizki iko kwa Allah (s.w.), na kwamba uongo wa kwenye usaili hauishii kwenye chumba cha usaili. Aliyesema anaimudu kompyuta ilhali haimudu, ataulizwa kazi yake wiki ya kwanza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Lipo pia swali la dhambi na aibu za mtu. Usaili si mahali pa toba. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemkemea mtu anayefanya jambo usiku, Allah akamsitiri, kisha asubuhi akalitangaza mwenyewe. Hivyo basi, ugomvi wa ndani ya ndoa, uzito wa kuamka alfajiri au kosa ambalo mtu ameshalitubia si majibu ya swali hili. Jopo linauliza udhaifu unaohusu kazi. Kutosema kila kitu si uongo. Lakini mtu akiulizwa waziwazi juu ya jambo lililomtokea kazini na linaloihusu nafasi anayoiomba, asikane. Firauni alipomkumbusha Nabii Musa (a.s.) habari ya mtu aliyeuawa, Musa hakukana. Alikiri kuwa alitenda, akaeleza hali aliyokuwa nayo wakati ule. Habari hiyo imo katika Sura Ash-Shu'araa, aya ya 19 na ya 20.

Vipi basi ikiwa udhaifu wa mtu ndio moyo wa kazi yenyewe? Anayejijua kuwa fedha za watu zikikaa mikononi mwake huzikopa kwanza na kuzirejesha baadaye, asitafute jibu zuri la kuwaambia wasaili. Asiiombe kazi ya kutunza fedha. Abu Dharr (r.a.) alimuomba Mtume (s.a.w.) ampe madaraka. Mtume alimgonga begani kwa mkono wake, akamweleza kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba madaraka ni amana ambayo Siku ya Kiyama itakuwa hizaya na majuto, isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake na kuitekeleza. Hadithi hii imepokewa na Muslim. Abu Dharr alikuwa sahaba mkubwa na mkweli, na kuambiwa hivyo hakukumshusha daraja. Binti wa Madyan naye, alipomshauri baba yake amwajiri Musa, alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Anayeomba kazi ajipime kwa mizani hiyo kabla ya kupimwa na jopo.

Dada zetu wana swali lao. Baadhi yao wakiulizwa udhaifu hujibu kuwa ni haya. Dada yangu, haya ni katika imani, usiitaje kuwa ni upungufu. Huenda unachokusudia ni woga wa kusema unalolijua, nao ni jambo jingine. Mama yetu Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza na kujifunza dini. Ikiwa ni woga, utaje kwa jina lake, na ueleze unavyojizoeza kuushinda.

Mwisho, tuzungumze na wazazi. Mtoto aliyezoea kuchapwa kila anapokiri kosa hujifunza kuficha, na akiwa mtu mzima mbele ya jopo ataficha vile vile. Baba na mama, mwanenu anapowaambia kuwa hesabu zimemshinda, msianze na ukali. Muulizeni ni hesabu zipi na nani anaweza kumsaidia, kama vile Musa alivyomtaja Harun. Na kijana akishaitwa kwenye usaili, keti naye jioni moja, mwulize swali hili, naye ajibu kwa sauti. Wewe unayemjua tangu utotoni utatambua mara moja kama anasema kweli.

Tunamuomba Allah (s.w.) awakunjulie vijana wetu vifua vyao, awarahisishie mambo yao na awajaalie rizki ya halali.

Wabillahi tawfiq.