Kiti cha bosi na kura ya raia
Anayetaka kuzielewa siasa za Marekani aanzie kwenye runinga. Januari 2004, kituo cha NBC kilianza kurusha kipindi cha The Apprentice. Donald Trump aliketi kwenye kiti cha ngozi, ndani ya chumba cha mikutano kilichojengwa kwa ajili ya kamera, akiamua nani afukuzwe kazi. Novemba mwaka huohuo, kampuni yake ya kasino iliomba mahakamani kinga ya kufilisika. Habari zilitangazwa, lakini kiti kilirudi hewani kila wiki. Mwaka 2016, mamilioni walimpigia kura ya urais bosi waliyemzoea sebuleni. Simlaumu mtazamaji aliyechoka na kazi. Nawalaumu wenye vituo, wanaouza sifa ya uongozi kama burudani. Wao wana wajibu wa kuonyesha hesabu za mtu, si kiti chake tu.