Vita ya Angola katika mchezo wa video: Kamina haimo

Tarehe 13 Novemba 2012, kompani ya Marekani Activision ilitoa mchezo wa video unaoitwa Call of Duty: Black Ops II. Siku saba baadaye, tarehe 20 Novemba, waasi wa M23 waliingia Goma. Katika siku 15 za kwanza, mchezo huo uliingiza zaidi ya dola milioni 1000. Katika siku hizo hizo, familia za Goma na Sake zilikuwa barabarani na magodoro kichwani, zikitafuta mahali pa kulala.

Mchezo huo ni wa aina ambayo vijana wa inchi hii wanaipenda sana: mchezaji anaona kwa macho ya askari, bunduki iko mbele yake, na kazi yake ni kupiga risasi. Ulisifiwa na wengi, na hadi leo kuna wanaoucheza. Lakini kwa Wakongomani, na zaidi kwa wakaaji wa Kamina, katika jimbo la Haut-Lomami, ni mchezo wa kukatisha tamaa. Kosa lake kubwa si damu. Kosa lake ni kwamba unasimulia vita iliyopita mlangoni mwetu, kisha unaficha silaha za vita hiyo zilitokea wapi.

Mwanzoni mwake mchezo unampeleka mchezaji Angola, mwaka 1986. Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA, amesimama juu ya gari la vita, anapiga kelele kuwatia wapiganaji wake moyo. Umati wa watu wenye bunduki na mapanga unakimbia uwandani kuelekea vifaru vya jeshi la MPLA. Mchezaji ni Mmarekani aliyekuja kumtafuta rafiki yake aliyefungwa. Anasaidia vita ya Savimbi kidogo, anapata rafiki yake, anaondoka. Kwake Angola imekwisha.

Kwa Waangola haikuwa imekwisha. Vita yao ilianza 1975 na ilifika mwisho Aprili 2002, wiki chache baada ya Savimbi kuuawa katika jimbo la Moxico. Inakadiriwa kwamba watu karibu nusu milioni walikufa. Pande zote mbili zilitega mabomu ardhini, na wakulima waliendelea kupoteza miguu mashambani hata baada ya amani. Maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Katanga, upande wa Dilolo. Katika mchezo, mwenyeji wa kawaida hana sauti. Aliyepewa sauti ni kamanda na mgeni wake.

Mwaka 2016, watoto watatu wa Savimbi walishtaki tawi la Activision la Ufaransa mbele ya korti ya Nanterre, karibu na Paris. Walisema kwamba baba yao ameonyeshwa kama mtu mkali asiye na akili, na waliomba fidia ya euro milioni 1. Kompani ilijibu kwamba ndani ya mchezo Savimbi ni mtu mzuri anayesaidia mashujaa. Korti ilitupa mashtaka hayo kwa sababu za utaratibu wa sheria.

Kesi ile ilihusu heshima ya mtu mmoja. Swali kubwa zaidi halikuulizwa: bunduki na makombora ya UNITA yalifikaje huko?

Sehemu ya jibu iko Base ya Kamina. Wabelgiji waliijenga wakati wa ukoloni, na njia zake ndefu za ndege zimetumiwa na wengi. Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walitua Kamina kabla ya kurushwa Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Miaka ya 1980 ilifika zamu ya Wamarekani. Mwaka 1985 Bunge la Marekani lilifuta sheria iliyokataza kuwasaidia wapiganaji wa Angola. Januari 1986 Rais Reagan alimpokea Savimbi katika White House. Mwaka 1987 gazeti la New York Times liliandika kwamba ndege za mizigo zilikuwa zinapitisha silaha za CIA katika Base ya Kamina kwenda kwa UNITA. Zaire ya Mobutu ilikuwa mlango wa vita ile.

Jina la Kamina halimo katika sehemu hiyo ya mchezo. Silaha ziko tayari mikononi mwa watu, kana kwamba ziliota porini pamoja na majani. Mtoto anayecheza anabaki na fikira kwamba Waafrika walipigana kwa sababu wanapenda kupigana, na kwamba mgeni alipita tu kuokoa mtu wake.

Wakongomani pia walilipa. Kabla ya vita, shaba ya Katanga ilikuwa inatoka kwa reli kupitia Dilolo, kisha reli ya Benguela mpaka bandari ya Lobito. Ilikuwa njia fupi kwenda baharini. Kuanzia 1975 njia hiyo ilifungwa, na mashambulizi ya UNITA yaliifanya isifunguke kwa miaka mingi. Madini yakalazimika kuzunguka: mengine kusini mpaka Afrika Kusini, mengine kwa reli kupitia Kamina mpaka Ilebo, kisha kwa mto mpaka Kinshasa, kisha kwa reli tena mpaka Matadi. Utawala wa Mobutu uliacha uwanja wake upitishe silaha za watu waliokuwa wanaziba njia ya mali yake. Leo Marekani na Ulaya wanaahidi pesa ili njia ya Lobito ifufuke. Kijana wa Kamina asiyejua iliharibikaje hawezi kuuliza maswali yanayofaa juu ya mapatano mapya.

Kuna watakaosema kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba historia inafundishwa shuleni. Wana haki kwa upande mmoja. Hakuna anayechukua silaha kwa sababu ya kushika maneti ya PlayStation. Wanaokwenda vitani katika Kivu na Ituri wanasukumwa na njaa, kisasi, ardhi iliyonyang'anywa na viongozi wanaodanganya. Lakini shuleni vita ya Angola haipewi nafasi kubwa, na uwanja wa Kamina bado ni kidogo. Kijana anayekaa saa tatu mbele ya mchezo na dakika kumi mbele ya kitabu atakumbuka mchezo.

Tena, Kamina si jambo la zamani tu. Tangu M23 iliporudi kupigana mwishoni mwa 2021, na baada ya Rais Tshisekedi kuwaita vijana waingie jeshini mwaka 2022, wengi wamepelekwa katika vituo vya mafunzo, Kamina ikiwa kimojawapo. Na wapiganaji wa Kivu ya Kaskazini waliorudisha silaha walipelekwa pamoja na familia zao Kamina, Kitona na Kotakoli. Huko Kotakoli, shirika la Human Rights Watch lilisema mwaka 2014 kwamba watu zaidi ya 100, wanawake na watoto wakiwemo, walikufa kwa njaa na magonjwa. Askari wa Black Ops II anapokufa anaanza upya palepale. Waliokufa Kotakoli hawakuanza upya.

Mchezo wa vita unaweza kutengenezwa namna nyingine. Mwaka 2014, kompani ndogo ya Poland, 11 bit studios, ilitoa This War of Mine. Humo mchezaji si askari. Ni raia katika mji uliozingirwa, anayetafuta chakula na dawa usiku ili afike asubuhi. Watu wa Goma, Bunia na Beni hawahitaji kuelezwa maisha hayo.

Kuupiga marufuku Black Ops II hakutasaidia kitu. Ila wenye nyumba za kuchezea michezo ya video wanajua kwamba kwenye kasha lake la Ulaya imeandikwa 18, na bado wanapokea pesa ya mtoto wa miaka kumi. Wazazi wana haki ya kuwakataza. Walimu wa historia wa Haut-Lomami wanaweza kuanza somo na kitu ambacho wanafunzi wanakijua tayari, ule umati wa wapiganaji wa Savimbi, kisha wawaulize silaha zile zilipitia wapi. Na vijana wa Lubumbashi, Bukavu na Kinshasa wanaojifunza kutengeneza programu wana hadithi hapa ambayo Activision iliiacha.

Wazee waliofanya kazi Kamina miaka ile, wenye kuendesha reli, wenye kuuza sokoni, wake za askari, bado wako wengine. Waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe.