Ini, Mboga za Majani na Gunia la Mahindi

Katika viungo vyote vya mwili wa binadamu, ini ndilo mlinzi wa lango. Chakula tulacho na dawa tumezazo, vikisha kuyeyuka tumboni, hupitishwa na damu mbele ya mlinzi huyo naye huvikagua. Chema hukiweka akiba, na chenye sumu hukivunja na kukitoa nje. Lakini ini lina desturi moja ya hatari, nayo ni ukimya. Saratani yaweza kulishika muda mrefu bila ya mwenyewe kusikia maumivu. Akijaona tumbo linavimba na mwili unakonda, aghalabu tabibu huwa hana la kufanya ila kumpunguzia mateso. Kwa hiyo, katika maradhi haya, kinga ndiyo tegemeo letu kubwa.

Juma hili twalichukua swali ambalo limeingia katika nyumba nyingi: je, ni kweli kwamba ndani ya mimea mna vitu viwezavyo kulikinga ini na saratani? Jibu ni kwamba dalili njema zipo, nazo zimepatikana kwa utafiti wa haki. Hata hivyo mipaka yake hatuna budi kuifahamu, asije mtu akaweka matumaini yake yote katika bakuli la mchicha.

Kwanza tumtambue adui. Katika nchi zetu wapo wawili walio wakuu. Wa kwanza ni kirusi cha homa ya ini ya aina ya B, ambacho huambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana, na mama aweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kuzaa. Wa pili ni sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hutengenezwa na kuvu iotayo juu ya mahindi, karanga na nafaka nyinginezo zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hiyo ilijulikana baada ya mwaka 1960, ambapo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika.

Wala haikuwa habari ya mbali. Katika miaka ya 1966 na 1967, wataalamu walikusanya sampuli 480 za vyakula vilivyokuwa vimehifadhiwa katika sehemu mbalimbali za Uganda. Karibu asilimia 30 ya sampuli hizo zilikutwa na aflatoksini. Mwaka 2004, huko Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Hao waliila kwa wingi mara moja. Aliaye kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi haanguki siku hiyo, bali ini lake huliwa polepole. Na maadui hao wawili wakiungana, madhara yao huzidi mno. Utafiti uliofanywa huko Shanghai, China, ulionyesha kwamba mtu mwenye dalili za aflatoksini peke yake alikuwa katika hatari ya saratani ya ini kama mara 3 kupita mtu asiye nazo; mwenye kirusi peke yake, mara 7; na mwenye vyote viwili, karibu mara 60.

Sasa twende kwenye mimea. Rangi ya kijani ya majani yatokana na kitu kiitwacho klorofili. Kutokana nacho wataalamu hutengeneza kitu kingine, klorofilini, ambacho chaweza kuishika aflatoksini tumboni na kuizuia isifyonzwe kuingia katika damu. Huko Oregon, Marekani, samaki waliolishwa aflatoksini pamoja na klorofilini walipatwa na uvimbe wa saratani wachache kuliko wale waliolishwa sumu peke yake.

Baada ya samaki, zamu ya binadamu ikafika. Mwaka 1997 watafiti walikwenda Qidong, karibu na mdomo wa mto Yangtze huko China, mahali ambapo katika baadhi ya vijiji kifo kimoja katika kila vifo kumi vya watu wazima kilitokana na saratani ya ini. Watu 180 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vidonge vya klorofilini vya miligramu 100, mara tatu kwa siku, kwa miezi minne. Fungu la pili lilipewa vidonge visivyo na dawa. Mkojo ulipopimwa, alama za madhara ya aflatoksini katika chembe za urithi zilikuwa pungufu kwa asilimia 55 miongoni mwa waliopewa klorofilini.

Mmea wa pili ni brokoli, ndugu wa kabeji na sukuma wiki. Katika miche yake michanga mna kitu ambacho, mtu akisha kutafuna, hugeuka kuwa salforafani. Hicho hakiishiki sumu, bali huliamsha ini lenyewe litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya kuivunja sumu na kuitoa. Nacho kimejaribiwa huko huko Qidong, na wale ambao miili yao ilikipokea zaidi walikuwa na alama chache za sumu.

Hayo yote yapendeza, lakini tusikilize kwa makini. Kilichopimwa ni mkojo, si idadi ya watu waliookoka saratani. Vidonge vya klorofilini navyo si sawa na sahani ya kisamvu. Basi na tule mboga za majani kila siku, kwani zina manufaa mengi mwilini. Bali asitokee wa kutuambia kwamba akisha kula mchicha aweza kusaga mahindi yenye kuvu. Na auzaye mizizi ya kutibu saratani ya ini tumwepuke, kwa sababu zipo dawa za miti ambazo zenyewe huliumiza ini.

Historia ya Qidong yenyewe yatufundisha. Katika miaka ya 1980 wakazi wake waliacha kutegemea mahindi wakaanza kula mchele, ambao haushikwi sana na sumu hii. Aflatoksini ikapungua miilini mwao. Katika vizazi vilivyofuatana, vifo vya saratani ya ini miongoni mwa walio chini ya umri wa miaka 35 vikapungua kwa zaidi ya nusu, ingawa wote hao walizaliwa kabla ya chanjo kuenezwa kwa watoto wachanga. Ushindi huo uliletwa na chakula kilichokuwa safi tangu awali.

Sisi hatuwezi kuiacha posho, lakini twaweza kuilinda. Mahindi na karanga zianikwe juu ya turubai au mkeka, zisianikwe juu ya udongo mtupu. Ukitaka kujua kama mahindi yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu, kisha tikisa. Chumvi ikigandamana na kioo, rudisha mahindi juani. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Kabla ya kusaga, chagua na utupe punje zilizovunjika, zilizokunjamana na zenye rangi ya kijani au nyeusi. Usitegemee moto wa jikoni, kwani aflatoksini haiishi kwa kupikwa. Wala mabaki hayo usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa ya watoto wako.

Twajua kwamba mama mwenye mshahara mmoja wa askari na watoto watano huumwa na moyo akimwaga debe la mahindi. Lakini debe hilo ni dogo mbele ya gharama ya mgonjwa mmoja.

Tena watoto wote wapelekwe kupata chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, ambayo Uganda imekuwa ikiwapa watoto tangu mwaka 2002. Askari na polisi, ambao kazi yao huwakutanisha na damu ya majeruhi, waende wakapimwe. Asiye na kirusi achanjwe, na aliye nacho aanze kuangaliwa na daktari mapema. Pombe nayo ipunguzwe, au bora iachwe.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wenyewe umo katika ghala, nao twaweza kuuziba leo kabla ya jua kutua.