Tupunguze Picha, Tusilaumu Kompyuta

Wanafunzi wenzangu, vijana wa Galu wanaotia matatu za Likoni na Ukunda ndani ya gemu ya GTA San Andreas hulia kwamba kompyuta zimechoka. Mimi nakataa! Gemu hiyo ilitoka mwaka 2004 kwa mashine ya PlayStation 2, yenye kumbukumbu ya megabaiti 32 tu. Leo mtu abandika ubavuni mwa matatu picha ya pikseli 2048 kwa 2048. Isipobanwa, hiyo moja yala megabaiti 16! Ipunguze iwe 512 kwa 512, itakula megabaiti 1, na maandishi makubwa bado yasomeka. Jamani, mbona kumsumbua mzazi anunue kumbukumbu nyingine? Gemu yenyewe ni programu ya biti 32. Kwa kawaida Windows huipa gigabaiti 2 pekee, hata ukiwa nazo 8.