Msomee Dada Yako Kwanza



Mwezi huu napenda kuzungumza na wale miongoni mwetu wanaoandika hadithi. Najua mpo. Mnaandika usiku watoto wakishalala, kwenye daftari la shule lililobakiwa na kurasa chache, na asubuhi mnalificha chini ya vitenge. Siku hizi wengine mnaandika kwenye simu. Mume akiuliza unaandika nini, unajibu kwamba ni hesabu za kikundi.

Swali langu kwenu ni moja: nani anaisikia hadithi yako kabla haijatoka nje ya nyumba yako? Kama jibu ni "hakuna", basi naomba uketi nami kidogo, nikueleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Sisi tuko wanne. Wawili tunaishi Njombe mjini na wawili wanaishi Makambako. Wawili ni Walutheri, mmoja ni Mkatoliki na mmoja ni Mwanglikana. Jumapili kila mtu huenda kanisani kwake, lakini Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni yetu sote. Kutoka Njombe hadi Makambako ni kama kilomita 60, kwa hiyo mwezi huu sisi tunateremka kwao, na mwezi ujao wao wanapanda kwetu. Baridi ya Juni na Julai ikikaza, tunakaa karibu na jiko la mkaa, mlango tumeuacha wazi kidogo, tukila viazi vya kuchemsha na kunywa chai. Kikundi chetu hakina jina, hakina muhuri wala mwenyekiti. Kazi yake ni kwamba kila mmoja anasoma alichoandika, na wengine wanasikiliza.

Mwaka juzi ilikuwa zamu yangu kusoma, na tulikutana Makambako. Ninyi mnaoufahamu mji ule mnajua ulivyo. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia inakutana pale na barabara ya Njombe na Songea, na stesheni ya TAZARA iko palepale. Malori hulala, abiria hushuka, wasichana huuza chakula hadi usiku. Hadithi yangu ilihusu msichana mmoja kutoka upande wa Wanging'ombe, aliyemtoroka shangazi yake akaja kuuza chakula kwenye maegesho ya malori. Akakutana na dereva, akadanganywa, akaugua UKIMWI. Kwenye ukurasa wa mwisho akafa, mama yake akalia juu ya kaburi, na mimi nikamalizia kwa onyo kwa mabinti wote.

Niliisoma kwa sauti ya kuhubiri. Wenzangu wawili walifuta machozi. Mmoja akasema, "Hii ipelekwe kwenye kongamano la vijana." Nilifurahi sana. Dada wa nne hakusema neno. Aliinuka akatuongezea chai.

Jioni alinisindikiza stendi. Tulipofika mahali pasipo na watu akanishika mkono.

"Dada," akasema, "yule msichana wako umemuua mapema mno."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Mimi nina miaka 16 na virusi hivi. Nameza dawa kila siku saa 3 usiku. Nimelea watoto wangu, na kitinda mimba wangu nilimzaa nikiwa tayari ninazo, naye ni mzima. Na sikuvipata kwenye malori. Nilivipata nyumbani kwangu, kwa mume niliyefunga naye ndoa mbele ya madhabahu. Sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu hata siku moja."

Sikuwa na la kujibu. Naye akaongeza jambo moja, ambalo ndilo linanisumbua mpaka leo: "Halafu katika hadithi yote sikuliona kanisa. Yule mama analia kaburini peke yake. Sisi tulikuwa wapi?"

Nilipanda gari nikarudi Njombe. Njia nzima sikuona misonobari wala miwati. Nilikuwa nahesabu tu. Miaka 3 tulikuwa tumeketi na dada huyu, tumekula naye, tumeomba naye, wala hatukujua. Ni hadithi ngapi za namna hiyo tulizisoma mbele yake, naye akainuka kwenda kuongeza chai? (Ameniruhusu kuyaandika haya bila kumtaja. Aliyasoma kabla yenu, akafuta sentensi 2.)

Dada zangu, tufikirie pamoja. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe uliongoza Tanzania kwa maambukizi, asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba katika kila watu 100 wa umri huo mkoani mwetu, kama 13 wanaishi na virusi. Basi ukisimama mbele ya akina mama 100 kusoma hadithi yenye mwisho kama wangu, usidhani unasimulia habari za watu wa mbali. Wamo mbele yako, na vitambaa vyao vya kichwani vya kikundi.

Tena hadithi yangu ilikuwa imepitwa na wakati. Niliiandika kama tulivyozoea kusoma zamani, wakati ambapo kuambiwa una virusi kulikuwa sawa na kuambiwa ununue sanda. Lakini tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza mpango wa kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, mambo yamebadilika. Mtu anayemeza dawa vizuri anaishi na kufanya kazi. Virusi vikipungua hadi kipimo kisivione, na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Mama akifuata matibabu anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na maambukizi. Sasa fikiria binti aliyepima jana akakutwa navyo, na leo anasoma hadithi yangu isemayo kwamba mwisho wake ni kaburi tu. Je, atakwenda kliniki? Au ataichana kadi na kukaa nyumbani kungoja? Mimi nilitaka kumwokoa binti, kumbe nilikuwa namfungia mlango.

Nilipofika nyumbani nilifungua Yohana sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na jambo la kwanza wanalouliza ni dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana Yesu anakataa swali lenyewe. Hadithi yangu ilikuwa swali lile la wanafunzi, limenyooshwa likawa kurasa 20.

Huenda mtu akasema basi Mkristo asitunge hadithi, ahubiri tu. Hapana. Kumbukeni 2 Samweli sura ya 12. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza na karipio. Alianza na hadithi ya maskini na mwanakondoo wake mmoja, na mfalme akajihukumu mwenyewe kabla hajajua kwamba anasimuliwa habari zake. Lakini angalieni, Nathani aliijua kweli ya jambo lile kabla hajafungua kinywa. Mimi sikuijua. Na nisingeijua kamwe kama ningeandika peke yangu na kupeleka moja kwa moja kwa mchapaji.

Niliiandika upya kwa miezi 3. Safari hii msichana hafi. Anapima, anaanza dawa, anarudi kwa shangazi yake kuungama kwamba aliiba fedha za kodi ya nyumba, na anazilipa kidogo kidogo. Sehemu ngumu ya hadithi sasa haiko hospitalini. Iko kwenye benchi la kanisa, pale mama mmoja anaposogea pembeni ili wasikae bega kwa bega.

Nilipoisoma, dada yetu alinisahihisha tena. Alinieleza watu wanavyosalimiana siku ya kliniki, jinsi wanavyojificha mara ya kwanza, na jinsi wanavyotaniana wakishazoeana. Mambo hayo nisingeyapata kitabuni. Siku hiyo ndipo alipowaambia wenzetu wawili habari zake, kwa hiari yake. Hatukusoma kitu kingine mchana ule.

Sitaki mdhani kwamba sote tulikubaliana. Yule wa Kianglikana aliuliza, "Tukiacha kuandika kwamba dhambi ina malipo, tutawafundisha nini binti zetu?" Ni swali la haki, nami sikulipuuza. Ndiyo maana katika hadithi mpya wizi unabaki wizi, na uongo wa dereva unabaki uongo. Nilichoondoa ni ugonjwa kuwa fimbo. Mwenzangu bado anaona nimelegeza, na mimi bado naona sikulegeza. Mwezi uliofuata alikuja kama kawaida, akaleta parachichi.

Nimetafuta kama wako wengine waliopita njia hii, nikamkumbuka marehemu Marjorie Oludhe Macgoye wa Kenya. Alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akafika Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu kwa niaba ya misheni ya Kianglikana. Aliolewa na mganga Mjaluo mwaka 1960, na alifariki mwaka 2015. Miaka ya 1970 alisimamia duka la vitabu la S. J. Moore mjini Nairobi, na kati ya rafu zile aliwakusanya waandishi wasomeane kazi zao. Riwaya yake iitwayo Coming to Birth ilitoka mwaka 1986. Ndani yake mna mwanamke aitwaye Paulina, anayezaa mtoto nje ya ndoa, na mtoto huyo anauawa kwa risasi katika ghasia za Kisumu za mwaka 1969. Mwandishi, Mkristo kamili, hasemi popote kwamba kifo kile ni adhabu ya mama. Anamwacha Paulina aomboleze, ainuke, aishi. Nilipoisoma nilimkumbuka msichana wangu wa Wanging'ombe na nikaona haya.

Na jirani zetu wa Uganda walianzisha chama cha waandishi wanawake kiitwacho FEMRITE mjini Kampala mwaka 1995. Si chama cha kanisa, lakini kuna jambo la kujifunza kwao: walijiwekea siku ya kukutana, Jumatatu, wanasoma na kukosoana. Kwa njia hiyo wanawake wengi wa Uganda wamefikia kuchapa vitabu. Hawakungoja kwanza wawe maarufu ndipo waketi pamoja.

Kwa wale mtakaopenda kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Wawili mnatosha. Mtafute mmoja unayemwamini na anayeweza kukuambia "hapana".

2. Anzeni kwa sala, lakini msitumie sala kufunika ukweli. "Amina, umebarikiwa" si maoni juu ya hadithi.

3. Mwandishi akisoma, wengine wanyamaze. Wengine wakisema, mwandishi anyamaze. Asijitetee mpaka wamalize.

4. Kabla ya kusema kilichoharibika, sema ulichokiona na kukisikia. Mwandishi apate kujua hadithi yake imefika au haikufika.

5. Ukichukua maisha ya mtu, mwombe ruhusa, na umsomee kabla ya mtu mwingine yeyote. Mji wetu ni mdogo. Kubadili jina tu hakutoshi kama watu wataitambua nyumba.

6. Linalosemwa kikundini libaki kikundini. Dada asiyeamini kwamba mtamtunzia siri atawaongezea chai tu.

7. Mwangalie anayenyamaza. Usimlazimishe kusema, ila msindikize stendi.

Hiyo ya mwisho nimeiweka kwa sababu mimi sikuifanya. Ni yeye aliyenisindikiza mimi, ingawa aliyeumizwa alikuwa yeye. Angeweza kuacha kuja mwezi uliofuata, na sisi tungesema ameshikwa na shughuli za shamba. Badala yake alichagua kunisahihisha. Huo ndio udada ninaousema.

Hadithi ile sasa imekamilika, iko kwenye kaunta buku, imeandikwa kwa mkono. Bado hatujapata wa kuichapa, na tunaendelea kuomba. Lakini mwezi uliopita tuliisoma kwa mara ya kwanza mbele ya akina mama wa mtaa mmoja. Tulipomaliza, mama mtu mzima aliyeketi nyuma aliuliza kama daftari linaweza kuazimwa usiku mmoja. Hakusema kwa nini, nasi hatukumwuliza. Alilirudisha asubuhi, limefungwa kwenye kanga safi.

Basi dada yangu, toa daftari lako chini ya vitenge. Kabla ya mhariri na kabla ya kongamano, msomee dada yako kwanza.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Awabariki ninyi na nyumba zenu.