Injini Baridi Haitaki Papara

Huko Alaska, ambako vijiji vingi havifikiwi kwa barabara na hutegemea ndege ndogo kama visiwa vyetu vitegemeavyo majahazi na meli, marubani wa zamani walikuwa wakimwaga oili ya injini jioni, wakaiweka karibu na jiko, na asubuhi wakairejesha ingali moto. Katika baridi kali oili huwa nzito kama samli iliyoganda, na bodi ya alumini husinyaa kuliko krenki ya feleji iliyomo ndani. Kuilazimisha injini hapo ni kuisaga. Leo kiwanda cha Lycoming huagiza injini zake nyingi zipashwe moto, baridi ikipita nyuzi 12 chini ya sifuri.

Kwetu baridi hiyo haipo, ila papara ipo. Tunawaomba wakubwa waendao mikutanoni wasimhimize rubani angali anakagua injini. Abiria wa nyuma nao wana watoto.